Wachezaji walirudi, imani haikurudi nao

Kila ninapotaja mkasa wa mwaka 2011 wa PlayStation Network, mtandao wa Sony ambao wenye mashine za PlayStation hununulia gemu na kucheza pamoja, mbele ya vijana wanaocheza gemu, naulizwa swali lilelile: kama Sony iliwakosea wateja kiasi hicho, mbona wote walirudi? Si swali la kupuuza. Taarifa za akaunti milioni 77 zilianguka mikononi mwa wezi, mtandao ukazimwa kwa siku 23, wabunge wa Marekani wakadai maelezo. Lakini miaka kumi baadaye, kufikia mwisho wa Machi 2021, watu milioni 47.6 walikuwa wakilipa ada ya PlayStation Plus, huduma ya kulipia ya mtandao huo, kwa kampuni hiyohiyo. Ukihesabu vichwa utasema hakuna kilichoharibika.

Mimi nasema hesabu ya vichwa haipimi imani. Mtu anaweza kurudi kwenye duka lililompunja kwa sababu ndilo pekee mtaani, au kwa sababu mali yake bado imo ndani. Hilo la pili ndilo lililowapata wachezaji wa PlayStation. Nataka tulitazame taratibu, kwa sababu kampuni zote za konsoli (mashine za gemu) ziliusoma mkasa ule, na sidhani kwamba zilisoma somo lililokuwamo.

Jumanne ya tarehe 19 Aprili 2011, mafundi wa mtandao huo waliona baadhi ya seva, yaani kompyuta zinazouendesha, zikizima na kuwaka tena bila kuagizwa. Aliyewahi kusimamia kompyuta, hata za ofisi ndogo, anajua jinsi jambo hilo linavyoshtua. Walizitoa seva nne mtandaoni wakaanza kuzichunguza. Kesho yake, tarehe 20, wakapata ushahidi kwamba kuna mtu ameingia, na kwamba kuna data iliyohamishwa bila ruhusa. Wakauzima mtandao mzima, seva zipatazo 130 zilizokuwa katika kituo kimoja San Diego, California. Maelezo haya si uvumi wa mitandaoni. Yamo katika barua ambayo Kazuo Hirai, aliyekuwa akiongoza biashara ya michezo ya Sony, aliwaandikia wabunge wa Marekani mwanzoni mwa Mei mwaka ule.

Basi tuifuate kalenda. Tarehe 20 kampuni inajua kuna data imetoka. Tarehe 21 wachezaji wanaambiwa huduma huenda ikarudi baada ya siku moja au mbili. Tarehe 22 wanaambiwa kuna uvamizi kutoka nje, na siku hiyohiyo FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, wanapewa habari. Tarehe 24 ni Pasaka: watoto wako nyumbani, kuna michezo mipya iliyotoka wiki ileile, na skrini inasema mtandao uko kwenye matengenezo. Ilikuwa Jumanne tarehe 26 ndipo mteja alipoambiwa kwamba jina lake, anwani yake, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, jina la kuingilia na neno lake la siri vimechukuliwa, na kwamba haiwezekani kukanusha kuwa namba ya kadi yake ya benki nayo imo.

Siku sita. Kampuni ilijitetea kwamba wachunguzi walihitaji muda mpaka tarehe 25 ili kujua ukubwa wa hasara, na kwamba kutangaza habari nusunusu kungewachanganya wateja na kuwafanya wachukue hatua zisizo za lazima. Nauelewa utetezi huo, ila siukubali. Hatua zenyewe ni zipi? Kubadili neno la siri la barua pepe, kazi ya dakika tano. Kuipigia benki simu. Kumwambia mama ambaye kadi yake ilitumika kununulia gemu la mtoto kwamba aiangalie taarifa ya akaunti yake mwezi huu. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mtu angejuta kuifanya iwapo hatimaye ingeonekana hakuna kilichoibwa. Jirani akiona moshi kwenye paa lako hasubiri kwanza ajue kama ni jiko au ni umeme. Anakugongea mlango.

Kuibiwa, watu wanasamehe. Nyumba zenye makomeo, mbwa na mlinzi zinaibiwa. Mteja hakasiriki kwa kuwa mwizi ameingia, hukasirika akijua kwamba kwa siku sita mwizi alikuwa na habari zake, kampuni ilikuwa inajua kuna kilichotoka, polisi walikuwa wanajua, na aliyeachwa gizani ni yeye mwenye mali.

Jambo la maneno ya siri linahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana lilipotoshwa sana. Siku za mwanzo zilienea habari kwamba Sony iliyahifadhi kama yalivyo, kama mtu anavyoandika kwenye karatasi. Kampuni ikajibu kwamba hayakufungwa kwa msimbo kama zilivyofungwa namba za kadi, ila yalikuwa yamesagwa. Tofauti yake ni hii. Kitu kilichofungwa kwa msimbo ni kama mahindi yaliyofungiwa ghalani: mwenye ufunguo akifungua anayakuta mazima. Kilichosagwa ni unga, na hakuna ufunguo wa kuurudisha uwe mahindi. Unapotaka kuingia, mfumo husaga upya neno uliloandika, kisha hulinganisha unga na unga. Ni njia nzuri. Lakini kama mashine ya kusagia ni ile inayojulikana na kila mtu, mwizi naye atakaa kwake na orodha ya maneno ambayo watu hupenda kuyatumia, majina ya watoto, timu za mpira, 123456, ayasage yote mpaka apate unga unaofanana na wako.

Ndiyo maana Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza, ilipoitoza Sony faini ya pauni 250,000 mwezi Januari 2013, iligusa mambo mawili: programu ambazo hazikuwa zimesasishwa, na maneno ya siri ambayo hayakuwa salama tena kwa jinsi teknolojia ilivyokwisha kusonga. Ilisema wazi kwamba shambulio lile lingeweza kuzuilika. Sony ilitangaza kwamba itakata rufaa, halafu Julai mwaka huohuo ikaachana nayo. Haikukubali kosa. Ilisema haitaki kuanika mambo ya ulinzi wake katika shauri.

Neno la siri hata hivyo linabadilishwa. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi, na hapa ndipo ninapoona uzito wa wizi ule ulipo hasa. Mtoto aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2011 sasa ni mtu mzima. Anafungua akaunti ya benki, anaomba mkopo, na tarehe ileile iliyoibwa ndiyo anayoulizwa kwenye simu ili athibitishe kwamba ni yeye. Kadi ya benki hufa baada ya miaka michache, ikatolewa nyingine. Siku uliyozaliwa ni moja mpaka unazikwa.

Na haikuchukua miaka mingi kuonekana. Mtandao uliporejea katikati ya Mei, kila mchezaji alilazimika kubadili neno la siri. Tarehe 18 Mei ukurasa wa kubadilishia ukafungwa ghafla, kwa sababu iligundulika kwamba aliyekuwa na barua pepe na tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliweza kupenya na kuweka neno jipya kwenye akaunti isiyo yake. Barua pepe na tarehe ya kuzaliwa! Vitu vilevile vilivyoibwa mwezi mmoja kabla. Kasoro ilirekebishwa haraka, nakubali. Lakini inaonyesha kwamba katika pilikapilika zote zile, hakukuwa na aliyekaa chini akajiuliza: baada ya wizi huu, ni vitu gani sasa haviwezi tena kutumika kumtambulisha mteja?

Tarehe 1 Mei, jijini Tokyo, Hirai na maofisa wenzake wawili walisimama mbele ya wanahabari wakainamisha vichwa kwa sekunde kadhaa. Kwa Wajapani ishara ile ni nzito, na sina sababu ya kuidharau. Ila kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. Marekani na Ulaya huduma zilianza kurejeshwa tarehe 14 na 15 Mei. Nyumbani Japani, wizara ya uchumi, biashara na viwanda ilikataa mtandao usiwashwe mpaka ielezwe ni nini hasa kimefanyika kuzuia jambo lile lisijirudie. Wachezaji wa Japani walisubiri mpaka tarehe 28. Walichelewa wiki mbili kurudi mchezoni, lakini wao angalau kulikuwa na mtu mwenye mamlaka aliyeuliza kwa niaba yao kabla mlango haujafunguliwa.

Siku moja tu baada ya kuinama kule, ilitangazwa kwamba kampuni dada, Sony Online Entertainment, nayo imevamiwa: akaunti milioni 24.6. Ndani ya tangazo hilo kulikuwa na jambo dogo ambalo sijawahi kulisahau. Namba zipatazo 12,700 za kadi za benki za wateja walio nje ya Marekani ziliibwa kutoka katika hifadhidata ya zamani, ya mwaka 2007. Miaka minne haitumiki, ila ipo. Ilikuwa inafanya nini humo? Watu wa usalama hutumia muda mwingi wakizungumzia kuta na makufuli, ilhali ulinzi ulio rahisi kuliko wote ni kufuta usichokihitaji. Mwizi aliyeingia chumba kitupu hutoka mikono mitupu.

Gharama ya mkasa wa PlayStation Network Sony iliikadiria kuwa yen bilioni 14, wakati ule dola milioni 171. Gawanya kwa akaunti milioni 77 utapata dola 2 na senti 22 kwa kila akaunti. Wachezaji wakapewa zawadi ya kukaribishwa tena: michezo miwili ya kuchagua kati ya mitano, na siku 30 za PlayStation Plus bure. Wamarekani waliongezewa mwaka mmoja wa huduma ya kufuatilia iwapo utambulisho wao unatumiwa na wezi. Siyo haba kwa kijana aliyekuwa amechoka kusubiri. Lakini tazama aina ya fidia yenyewe. Karibu yote ilikuwa ni vitu vya dukani mwao, vinavyochezwa kwenye mashine yao, kupitia akaunti ileile. Ili ulipwe ilikubidi urudi.

Na hilo ndilo jibu langu kwa vijana wanaoniuliza. Fikiria mtu aliyenunua PlayStation 3 mwaka 2007, akaweka humo michezo kumi aliyoinunua kwa kupakua, akapata marafiki mia anaocheza nao, akakusanya makombe ya ushindi ndani ya gemu kwa usiku na mchana. Amekasirika. Aende wapi? Xbox, mashine ya Microsoft, haitafungua gemu lake hata moja. Hawezi kuliuza kama anavyoweza kuuza diski. Hawezi kuwahamisha marafiki. Akiondoka, anayepata hasara ni yeye, wala si aliyemkosea. Mtu wa namna hiyo akirudi tarehe 15 Mei, usiseme ameamini. Amefuata vitu vyake.

Kinachoniuma ni kwamba kampuni ilielewa hivyo pia, na ikatenda kwa kuelewa hivyo. Tazama kilichofanyika kwanza na kilichofanyika mwisho.

Tarehe 27 Aprili 2011, siku moja baada ya tangazo la wizi, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya simu ya AT&T dhidi ya familia ya Concepcion, ikiruhusu makampuni kuweka kwenye mikataba sharti la kuwazuia wateja wasishtaki kwa pamoja. Uamuzi huo haukuhusu michezo hata kidogo. Lakini Septemba mwaka uleule PlayStation Network ilikuja na masharti mapya ya huduma: ukikubali, huwezi tena kujiunga na wenzako katika kesi ya pamoja, itabidi uende kwa msuluhishi peke yako. Aliyetaka kujitoa katika sharti hilo alipewa siku 30, na alitakiwa kuandika barua ya karatasi na kuituma kwa posta kwenda Los Angeles. Mteja aliyejiunga kwa kubonyeza padi aliambiwa atafute bahasha na stempu. Microsoft na Electronic Arts, kampuni ya kutengeneza gemu, nao walichukua njia hiyohiyo.

Hiyo ilichukua miezi mitano. Sasa linganisha: uthibitishaji wa hatua mbili, ule unaokuletea namba kwenye simu ili hata mwenye neno lako la siri asiingie, ulifika PlayStation Network mwezi Agosti 2016. Miaka mitano na zaidi baada ya wizi. Microsoft walikuwa wameuweka kwenye akaunti zao tangu 2013. Kampuni ilijikinga dhidi ya wateja wake ndani ya miezi mitano, na ikachukua miaka mitano kuwapa wateja kinga iliyokwisha kuwa ya kawaida kwingine. Sihitaji ushahidi mwingine wa kujua nani alikuwa wa kwanza katika orodha ya wanaolindwa.

Mahakamani nako mambo yalikuwa hivyohivyo. Katika kesi ya pamoja iliyofunguliwa kabla ya masharti mapya, Jaji Anthony Battaglia wa California aliyatupa madai mengi mwaka 2012. Sababu mojawapo: sera ya faragha ya kampuni ilikuwa imekwisha kuwaonya wateja kwamba hakuna ulinzi uliokamilika, kwa hiyo mteja mwenye akili timamu hawezi kusema amedanganywa. Kesi iliisha kwa makubaliano ya mwaka 2014 yaliyokadiriwa kuwa ya dola milioni 15, na sehemu kubwa ilikuwa tena michezo na huduma. Sony yenyewe ilionja ladha hiyo Februari 2014, pale mahakama ya New York ilipoamua kwamba kampuni ya bima ya Zurich haikulazimika kuitetea, kwa kuwa waliosambaza habari za watu walikuwa wadukuzi na siyo mteja wa bima. Kila mmoja alikuwa na karatasi iliyosema hasara ni ya mwingine, na karatasi zote zilipomalizika kusomwa, hasara ilibaki kwa mwenye tarehe ya kuzaliwa.

Nitakuwa sijatenda haki nisiposema kwamba kuna mambo yalibadilika kwa kweli. Septemba 2011 Sony ilimwajiri mkuu wa usalama wa taarifa aliyetoka serikalini Marekani, na mwezi mmoja tu baadaye watu walijaribu kuingia kwenye akaunti kwa kutumia orodha ya majina na maneno ya siri yaliyoibwa mahali pengine. Akaunti kama 93,000 zilifunguka, kwa sababu wenyewe walitumia neno moja kila mahali. Safari hii kampuni ilizifunga na kutangaza ndani ya siku chache. Hakukuwa na taharuki, wala hakuna aliyechanganyikiwa. Watu walibadili maneno ya siri maisha yakaendelea. Kile kilichosemwa Aprili kuwa ni hatari kilifanyika Oktoba bila shida yoyote.

Lakini tabia ya zamani haitoki kirahisi. Tarehe 8 Februari 2025 mtandao huo ulizimika tena kwa takribani saa 24, siku ya Jumamosi, dunia nzima. Uliporudi, wateja waliambiwa kulikuwa na tatizo la uendeshaji, wenye PlayStation Plus wakaongezewa siku tano. Basi. Sidai kwamba kuliibwa chochote. Nasema kwamba ukishawahi kuwaambia watu mtandao uko kwenye matengenezo huku ukijua umevamiwa, neno "tatizo la uendeshaji" halitoshi tena kutoka kinywani mwako.

Anayetaka kuona imani ya kweli ya wachezaji ina ukubwa gani, atazame sehemu ambayo wanaweza kuondoka. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba watu wanaocheza gemu la Helldivers 2 kwenye kompyuta, waliolinunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta lisilo la Sony, watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation Network. Hao hawakuwa wateja wa konsoli. Mali yao, marafiki zao na kumbukumbu zao zilikuwa kwa mtu mwingine. Wakakataa. Maoni mabaya zaidi ya 200,000 yakamiminika Steam, na baadhi walitaja mwaka 2011 kwa jina. Siku tatu baadaye Sony ikaliondoa sharti hilo. Miaka 13 ilikuwa imepita, wengine waliokataa walikuwa watoto wadogo wakati wa wizi, na bado kumbukumbu ipo. Wenye konsoli wana kumbukumbu ileile, ila hawana mlango wa kutokea.

Sharti lile liliibua jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Gemu hilo liliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 ambako PlayStation Network haitoi huduma rasmi. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo. Kusini mwa Sahara, nchi ambayo mchezaji angeweza kuiandika bila kusema uongo ilikuwa Afrika Kusini. Mswahili aliyeko Muscat anaweza kufungua akaunti na kuandika Oman. Ndugu yake aliyebaki Zanzibar hana pa kuandika Tanzania.

Na bado huku PlayStation zimejaa. Karibu na kwangu, Tandika, kuna banda la gemu lenye runinga tatu, mabenchi mawili na feni isiyopumzika. Wiki iliyopita nilipita kumchukua mjukuu wa dada yangu nikamkuta kijana mwenye banda anahangaika na daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini humo?"

Alikuwa anatafuta neno la siri. Daftari ni lile la shule, la mistari, limelegea kwenye uzi. Kila ukurasa una akaunti moja, kwa kalamu ya bluu: barua pepe, neno la siri, nchi. Moja inasema Cape Town, mtaa aliounakili kutoka kwenye ramani. Nyingine London. Ya tatu ni ya Texas, kwa sababu vocha za dola za huko huwa zinapatikana Kariakoo. Zote tatu zimeandikwa zimezaliwa siku moja, tarehe 1 Januari 1990. Daftari hulazwa juu ya runinga ya kati, na kila mteja anayengoja zamu yake anaweza kulifunua.

Naomba msomaji asimdharau kijana huyu. Upande mmoja analinda mali yake vizuri kuliko wengi walioibiwa mwaka 2011: hana kadi ya benki mtandaoni, ananunua vocha, anakwangua, anaingiza namba, na mwizi akija atakuta salio la dola mbili. Tarehe ya kuzaliwa iliyomo si ya mtu yeyote. Tatizo liko upande wa pili. Masharti ya huduma yanamtaka aandike taarifa za kweli, na hawezi kuziandika. Siku akaunti ikichukuliwa naye akitaka kuthibitisha kwamba ni yake, kila atakachokitaja ni cha uongo, na pesa aliyoweka humo ni ya kweli.

Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, inayomtaka anayetunza taarifa za watu amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu ajue zimevuja. Tanzania ina sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni hatua njema, nazitakia nguvu. Lakini kijana wa Tandika ataingiaje kwenye hesabu ya waliovujiwa nchini wakati kwenye rejista anaishi Cape Town? Kampuni inaipokea pesa yake kila mwezi kupitia vocha, mashine inaonekana dhahiri inatumia intaneti ya Dar es Salaam, ila mtu mwenyewe hayupo. Ningependa mamlaka zetu za ulinzi wa data za Kenya, Tanzania na Uganda ziandike barua moja ya pamoja kwa kampuni za konsoli, ziulize swali hilo kabla ya mtandao mwingine haujavamiwa. Wajapani walituonyesha kwamba mwenye mamlaka akiuliza, hujibiwa.

Nilimuuliza kijana siku akaunti ikiibwa atamwendea nani.

"Hakuna wa kumwendea, mama. Nafungua nyingine."

Nikakaa naye kwenye benchi. Neno la siri lilikuwa moja kwa akaunti zote tatu, na ndilo la barua pepe pia. Tukaanza na barua pepe. Kisha tukawasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya kwenye simu yake, akaijaribu mara mbili mpaka akaridhika. Daftari akaliondoa juu ya runinga akalitia ndani ya begi lake.

Halafu nikamwomba anionyeshe jinsi akaunti mpya inavyofunguliwa, nione mwenyewe. Akashika padi, akafika mahali pa kuchagua nchi, akaanza kuteremsha orodha. Mjukuu wetu naye akasogea kuangalia. Tukashuka hadi herufi T. Ilianza Taiwan, ikafuata Thailand.